Kliniki ya tumbo na ini hapa Tanga: dokta nyota tano, mapokezi nyota moja

Naanza na mapokezi nimalize hasira kabisa. Kwa simu niliambiwa niwe pale saa moja asubuhi, nisile kitu tangu saa sita usiku maana napigwa kamera ya tumbo (ule mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni), nikafika saa moja kasoro na nimeitwa saa tano na nusu. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, mi nikajua leo nalala kwenye benchi. Feni moja, dada wa kaunta kila ukimuuliza "subiri kaka, unaitwa sasa hivi". Na bei ya kwenye simu siyo ya kaunta, vipimo vya maabara unalipia mbali, hilo hakuna aliyenitajia. Jina la kliniki silitaji, wakisoma watajijua.

Sasa dokta. Mama mtu mzima, nikamwamkia, marahaba mwanangu, halafu akaweka faili pembeni akaanza kuniuliza nakula nini, nafanya kazi gani, nalalaje. Mi napakia magunia Ngamiani, tumbo linaniunguza mwaka wa tatu huu, magnesiamu nimetafuna kama pipi, wife anasema ni mawazo, jirani anasema pilipili. Akauliza, na mgongo je? Nikamwambia mgongo hauna shida dokta, dawa yake ninayo, diklofenaki, nanunua duka la dawa kila wiki. Akanitazama tu. Kumbe hizo dawa za maumivu ukizizoea zinaondoa kinga ya ukuta wa tumbo, asidi inapata pa kuchoma, miaka mitatu natibu mgongo naharibu tumbo na hakuna duka hata moja lililoniuliza.

Kamera yenyewe siyo mateso kama wanavyotisha mtaani. Wanakupulizia dawa ya ganzi kooni, chungu balaa, unalalia ubavu wa kushoto, unang'ata kiplastiki, unatapika hewa kidogo, imeisha. Kidonda kikaonekana, wakakwanyua kipande kidogo cha nyama kupima, wakakuta na yule bakteria wa helikobakta pailori.

Hapo ndo mama akanipa darasa, maana kumbe amefanya utafiti wa tumbo na ini miaka mingi kabla ya kukaa kliniki. Anasema zamani hata madaktari walikuwa wanasema vidonda vya tumbo ni mawazo na pilipili, kama wife na jirani. Mpaka Waaustralia wawili wa mji wa Perth, Robin Warren na Barry Marshall, wakasema ni bakteria, watu wakawakatalia, Marshall mwaka 1984 akachukua bakteria wenyewe akawanywa! Tumbo likamvimba kwa ndani, akatapika, akajipima, wakapatikana. Tuzo ya Nobel wakaja kupewa 2005. Nikamuuliza na wewe dokta umewahi kunywa nini? Akacheka, akasema yeye amepima vinyesi vya watu miaka na miaka, ndugu zake wanadhani ana duka la dawa.

Nikadhani tumemaliza, akauliza "na ini umepima?" Ini la nini tena, mi nimekuja na tumbo. Akasema homa ya ini B inakaa mwilini kimya miaka, unakuja kustuka ini limesinyaa au lina kansa, na watu wengi anaowapata wanakuja tumbo limeshajaa maji. Aliyegundua kirusi chake, Baruch Blumberg wa Marekani, wala hakuwa anatafuta ugonjwa wa ini, alikuwa anapekua damu za watu wa mataifa mbalimbali kuona zinatofautianaje, akakigundua miaka ya 60, Nobel 1976. Watoto wetu chanjo wanapata kliniki kuanzia wiki ya sita, sisi wakubwa ndo tumesahaulika. Nikapimwa sina, nikachomwa ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Wife naye akaja kupima wiki iliyofuata (akakaa foleni saa tatu nzima, sikumcheka).

Dozi ya tumbo siku 14, asubuhi na jioni, mdomo unakuwa kama umelamba msumari, lakini usikatishe. Nimerudia kipimo cha choo mwezi mmoja baada ya dozi, safi. Diklofenaki nimeacha, mgongo sasa nanyooshwa na mtu wa mazoezi.

Jumla nawapa nyota nne, ya tano wameila mapokezi. Ukienda beba chaja, na uliza bei yote pamoja na maabara kabla hujalala njaa.