Epson kwa waya wa siriali: amri ni nyepesi, kebo ndiyo hukwamisha

Projekta nyingi za Epson za ofisini na madarasani zina tundu la siriali la pini 9 (RS-232) ambalo kompyuta huiamrisha projekta kupitia kwake, na lugha yake ya amri inaitwa ESC/VP21. Kwa ukumbi ambao projekta imefungwa juu darini na rimoti hupotea kila wiki, ni njia ya kutegemewa kuliko rimoti yoyote, kwa sababu moja kubwa: projekta hujibu.

Mipangilio ni kasi ya baudi 9600, biti 8 za data, bila pariti, biti 1 ya kusimama, bila udhibiti wa mtiririko. Amri ni maneno ya kawaida: PWR ON huwasha, PWR OFF huzima, MUTE ON huficha picha na kunyamazisha sauti, LAMP? huuliza saa ambazo taa imetumika. SOURCE 30 ni HDMI ya kwanza kwa modeli nyingi, lakini soma jedwali la modeli yako kwanza.

Amri ikishatekelezwa, hurudi nukta pacha (:). Usitume amri nyingine kabla haijafika. Wanaotuma PWR ON na SOURCE kwa mfululizo hupata projekta iliyowaka ikiwa kwenye chanzo kilekile cha jana, kwa kuwa amri ya pili ilifika taa ikiwa bado inapata moto. Uliza PWR? kila baada ya sekunde chache: 02 maana yake inapasha, 01 imewaka, 03 inapoa. Ikiwa bado kwenye 03, umeme wa ukutani usiguswe.

Sasa kebo. Epson inataka kebo ya kupishanisha, yaani pini 2 ya upande mmoja inaenda 3 ya upande wa pili, 3 inaenda 2, na 5 kwa 5. Kebo ya moja kwa moja huingia vizuri kabisa kwenye tundu na haileti kitu, hata ERR (jibu la amri isiyoeleweka). Ukimya mtupu, basi, ni dalili ya kebo, ya kasi isiyolingana au ya mwisho wa amri uliokosewa. ERR ni habari njema, maana waya unafanya kazi na kosa liko kwenye maneno.

Mwisho wa amri ni herufi ya CR, yaani 0D. PuTTY, programu ya kutumia siriali, huituma ukibonyeza Enter. Kwenye Linux, echo huweka 0A (mstari mpya) badala yake, kwa hiyo andika hivi:

stty -F /dev/ttyUSB0 9600 cs8 -parenb -cstopb raw -echo
printf 'PWR ON\r' > /dev/ttyUSB0

Ukikataliwa ruhusa, mtumiaji aongezwe kwenye kundi la dialout (Debian na Ubuntu).

Kompyuta nyingi za leo hazina tundu hili, hivyo utahitaji adapta ya USB. Chukua yenye chipu ya FTDI halisi. Zile za bei ya chini zenye chipu bandia ya Prolific hukataliwa na draiva ya Windows. Ukitumia bodi ya Arduino badala ya kompyuta, usiunganishe pini zake moja kwa moja: volti za RS-232 huenda juu na chini ya sifuri na zitaiunguza. Weka MAX3232, chipu ya kubadili volti, katikati.

Kasoro tunayoihesabu dhidi yake ni kwamba amri hazina namba ya kifaa, tofauti na za LG ambazo zinayo, hivyo kila projekta hudai waya wake. Kwa projekta 6, tumia PJLink, lugha ya kuamrisha projekta kwa mtandao, porti 4352.