Profaili za Gentoo: mfumo bora kuliko make.conf, ukijua mitego yake

Wengi wanaotumia Gentoo, distro ya Linux ambayo programu zake hukompailiwa kwenye mashine yako, huchagua profaili (seti ya mipangilio ya msingi ya mfumo) siku ya kuinstoli, kisha hawaigusi tena. Kila mabadiliko wanayataka yaingie /etc/portage/make.conf, na mstari wa USE, yaani orodha ya swichi za kuwasha au kuzima vipengele vya programu, unazidi kurefuka mpaka mwenyewe hakumbuki swichi ipi aliiweka kwa sababu gani. Ni hasara, kwa sababu mfumo wa profaili ndicho kitu kilichofikiriwa vizuri kuliko vyote ndani ya distro hii.

/etc/portage/make.profile ni kiungo tu kinachoelekea folda mojawapo ndani ya /var/db/repos/gentoo/profiles. Folda hiyo ina faili fupifupi: make.defaults ya swichi za jumla, package.use ya swichi za kifurushi kimoja kimoja, package.mask, use.mask na use.force za kufunga na kulazimisha, na packages inayotaja vifurushi vya lazima vya mfumo, @system. Faili yenye uzito zaidi ni parent. Humo mna orodha ya profaili nyingine za kurithi, na Portage, programu ya Gentoo ya kusimamia vifurushi, huzisoma kuanzia kwa mababu kushuka chini. Anayesomwa mwisho ndiye mwenye kauli.

Kama una mashine moja, huhitaji kujenga profaili nzima. Tengeneza folda /etc/portage/profile na uweke humo faili za majina hayohayo. Husomwa baada ya profaili zote. Chukua mfano wa emerge -pv (emerge ndiyo amri ya Portage ya kuinstoli, na -pv huonyesha tu kitakachofanyika) inayokuonyesha swichi ndani ya mabano, kama (-selinux), ya mfumo wa ulinzi wa SELinux. Mabano yanasema kwamba profaili imeifunga au imeilazimisha, kwa hiyo kuiandika kwenye package.use ya kawaida hakutasaidia kitu. Swichi hufunguliwa kwa kuandika jina lake likiwa na alama ya kutoa mbele, -jina, ndani ya /etc/portage/profile/use.mask. Ila jiulize kwanza kwa nini ilifungwa. Kwa selinux, njia sahihi ni kuchukua profaili ya selinux yenyewe, maana inabeba mengi zaidi ya swichi moja.

Utamu wenyewe unaanza ukiwa na mashine mbili au zaidi. Instoli app-eselect/eselect-repository, kisha:

eselect repository create nyumbani

Amri hiyo inatengeneza hazina (repository) ndani ya /var/db/repos/nyumbani na kuisajili. Fungua metadata/layout.conf, hakikisha mstari masters = gentoo upo, halafu ongeza profile-formats = portage-2. Mstari huu wa pili usiuruke: bila huo, faili ya parent haiwezi kutaja profaili ya hazina nyingine kwa jina. Sasa tengeneza folda profiles/kazini. Ndani yake weka faili eapi, inayotaja toleo la kanuni ambazo faili za folda hiyo zinafuata, yenye tarakimu 8 peke yake, na faili parent. Kwa anayetaka hardened, profaili ya ulinzi ulioongezwa, pamoja na mazingira ya desktop, mistari miwili inatosha:

gentoo:default/linux/amd64/23.0/hardened
gentoo:targets/desktop

Mwisho, ndani ya profiles/profiles.desc andika amd64 kazini stable. Ukiita eselect profile list utaiona nyumbani:kazini imejipanga pamoja na za Gentoo. Ichague kwa eselect profile set nyumbani:kazini, kagua emerge --info, kisha emerge -pvuDN @world (vifurushi ulivyochagua pamoja na vya mfumo) uone kitakachobadilika kabla hujaruhusu chochote kuendelea.

Wapo wanaonakili folda nzima ya profaili ya Gentoo kwenda kwao kisha wanaihariri. Usifanye hivyo. Nakala haisasishwi na emerge --sync, na baada ya miezi michache utakuwa na profaili ya kale isiyolingana na vifurushi. Ukirithi kwa parent, marekebisho ya Gentoo yanakufikia yenyewe.

Mtego unaowasumbua wengi ni wa mpangilio. Tuseme package.use ya profaili yako ina mstari media-video/ffmpeg -x264, na make.conf ina USE="x264". Watu hudhani mstari wa kifurushi utashinda kwa kuwa ni mahususi zaidi. Haushindi. Kwa Portage, vyote vilivyomo kwenye profaili ni tabaka moja la chini, make.conf iko juu yake, na /etc/portage/package.use iko juu ya make.conf. Ukihamia kwenye profaili yako, safisha USE ya make.conf, bakiza mambo ya mashine yenyewe tu, kama COMMON_FLAGS, MAKEOPTS na VIDEO_CARDS.

Ukisahau faili ya eapi, Portage inaichukulia folda hiyo kuwa ya EAPI 0, na mistari yenye alama ya sloti kama :3 (sloti huruhusu matoleo mawili ya kifurushi kimoja kukaa pamoja) inakataliwa. Kila folda inahitaji faili yake.

USE="-*" inafuta swichi zote za profaili, pamoja na zile ulizozitegemea bila kujua. PYTHON_TARGETS, inayotaja matoleo ya Python ambayo vifurushi vinajengewa, nayo usiigandishe kwenye make.defaults yako. Gentoo ilipohamisha chaguo-msingi kutoka Python 3.11 kwenda 3.12 Juni 2024, aliyekuwa ameandika toleo kwa mkono alibaki nyuma na migongano ya utegemezi.

Kuwasha swichi nyingi kwa mpigo huleta pia vifurushi vinavyosubiriana: tiff inaitaka libwebp, na libwebp inaitaka tiff. Vunja mzunguko kwa USE="-webp" emerge -1 media-libs/tiff, kisha endelea na @world kama kawaida.

Kuna gharama nyingine isiyosemwa sana. Tangu Desemba 2023 Gentoo inatoa vifurushi vilivyokompailiwa tayari kwa amd64 na arm64. Swichi moja ikitofautiana na ya kwao, kifurushi hicho utakikompaili mwenyewe. Kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4, ukipiga hesabu ya GB 2 kwa kila kazi ya kukompaili, unabaki na -j2 kwenye MAKEOPTS, yaani kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa mashine ya namna hiyo, profaili nzuri ni ile inayobadilisha swichi chache zenye sababu.

Malalamiko yangu makubwa ni moja: kifurushi kikifungwa na package.mask, emerge inakutajia faili iliyokifunga. Swichi ikibadilishwa na mmoja wa mababu, haikutajii. Inabidi upekue mwenyewe kwa grep -rn ndani ya profiles. Kwa mfumo wenye ngazi nyingi za urithi, hilo ni pengo kubwa. Funtoo, distro aliyoianzisha Daniel Robbins baada ya kuanzisha Gentoo, na ambayo mwaka 2024 alitangaza kuifunga, ilikuwa na mix-in, vipande vidogo vya mipangilio vilivyochaguliwa kimoja kimoja kwa amri ya epro, na kwa mtumiaji mpya vilisomeka kirahisi zaidi. Lakini parent ya Gentoo inafanya kazi hiyohiyo, na haikufungi kwenye orodha ya mtu mwingine.

Ikitokea ukafuta hazina yako bila kubadilisha profaili kwanza, Portage itasema profaili si halali na itakubali --help, --info, --search, --sync na --version tu. Usihangaike, eselect profile set kwenda profaili yoyote ya Gentoo inakurudisha kazini.

Na Gentoo inapotoa kizazi kipya, kama 23.0 ilivyokuja Machi 2024 kuchukua nafasi ya 17.1, kubadilisha namba kwenye parent hakutoshi. Soma eselect news na ufuate hatua zake kwa mpangilio: binutils kwanza, kisha gcc, kisha glibc, halafu emerge -e @world. Fanya mashine moja mpaka ikamilike. Ikikaa sawa, na kama hazina yako unaigawa kwa mashine zako kupitia git, weka badiliko humo; mashine nyingine zenye sync-type = git kwenye repos.conf zitalipata, kwa hiyo usilisukume (push) kabla hujawa tayari kuzijenga upya zote.