KEF LS50 Meta au R3 Meta: uzoefu wangu kwenye sebule ya Mwanza

Sebule ya mita 5 kwa 4, dari ya jipsam kwenye kimo cha mita 3, sakafu ya tailizi, kuta za tofali za saruji, dirisha kubwa la aluminiamu. Nyumba za namna hii zimejaa kuanzia Nyegezi hadi Ilemela, na ndani yake nimesikiliza kwa makini spika mbili za KEF: LS50 Meta, ambazo ninazo, na R3 Meta, ambazo nilitaka ziwe zangu. LS50 zimebaki, na pesa ya tofauti imeingia kwenye pamba, mbao na sabufa, yaani spika ya besi pekee. Hata hivyo R3 ni spika bora zaidi, na kuna nyumba ambazo ningemshauri mwenye nyumba anunue R3 leo.

LS50 Meta ilitoka mwaka 2020 na R3 Meta mwaka 2023. Zote zinatumia Uni-Q, yaani twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, imekaa katikati kabisa ya koni, hivyo sauti nyembamba na za waimbaji zinatoka nukta moja. Nyuma ya twita kuna kisahani chenye vijia vingi vilivyozungushwa, kinachomeza mlio wa nyuma usirudi mbele. Tofauti kubwa iko kwenye mgawanyo wa kazi. LS50 ni ya njia mbili: koni moja ya inchi 5.25 inabeba kila kitu chini ya kilohezi 2.1 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), besi na sauti za waimbaji kwa pamoja. R3 ni ya njia tatu: ina koni ya besi ya peke yake ya inchi 6.5, inayoshughulika na vilivyo chini ya hezi 420 hivi, na Uni-Q inabaki na waimbaji na magitaa.

Hapo ndipo pesa inapokwenda. Koni inayozunguka twita ndiyo inayoielekeza sauti ya twita. Besi ikipiga kwa nguvu kwenye LS50, koni hiyo inaingia na kutoka, na sauti nyembamba zinachafuka nayo. Weka kwaya yenye gitaa la besi zito, ongeza sauti mpaka kiwango cha sherehe, usikilize soprano: zinakuwa na ukali ambao haukuwepo sauti ilipokuwa ya wastani. Kwenye R3 soprano hazitikisiki. Kwa sauti ya chini, ya kusikiliza usiku watoto wamelala, tofauti hii karibu inatoweka.

Kuhusu besi, tuchukue gitaa la besi la rumba. Nyuzi zake nne zikiwa wazi zinalia hezi 41, 55, 73 na 98. LS50 Meta inashuka bila kupungua zaidi ya desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti) mpaka hezi 79, R3 Meta mpaka 58. Maana yake LS50 inaushika uzi mwembamba kwa ukamilifu, lakini kwenye nyuzi tatu nene unasikia zaidi vivuli vya juu vya noti kuliko noti yenyewe, na sikio linajazia. R3 inaongeza uzi wa 73 na inakaribia kuupata wa 55. Ule wa 41 hakuna inayoutoa inavyostahili.

Sasa tuje kwenye chumba, maana ndicho kilichoamua. Kila chumba chenye kuta ngumu kina milio yake. Gawa 343, yaani mwendo wa sauti kwa mita katika sekunde moja, kwa urefu mara mbili. Mita 5 inatoa hezi 34, mita 4 inatoa 43, kimo cha mita 3 kinatoa 57. Angalia vizuri: R3 inanyanyua besi palepale ambapo chumba kinavuma chenyewe. Ukiziweka kwenye sebule tupu ya saruji, noti moja inajaa nyumba nzima na inayofuata haisikiki, nawe unaanza kulaumu amplifaya. LS50, kwa kuwa inapungua mapema, haiuchokozi sana mvumo huo. Ndiyo maana wengi wanaohamia spika kubwa kwenye sebule ndogo wanasema "besi imekuwa nyingi lakini haina mpangilio".

Kochi nalo. Sebule zetu nyingi zina kochi lililobandikwa ukutani, na ukutani ndipo milio ya chini inapolundikana. Lisogeze mbele angalau mita 1. Kwa chumba cha mita 5 jaribu mita 1.9 hivi. Kazi hii haigharimu kitu, na matokeo yake yanasikika kuliko kubadilisha waya wowote. Upande wa spika, ukuta wa nyuma unarudisha sauti na kufuta sehemu ya besi: 343 gawa kwa mara nne ya umbali, kwa mita, wa uso wa spika kutoka ukutani. LS50 ina kina cha sentimita 28. Ukiiacha sentimita 50 kutoka ukutani, uso wake uko kwenye 78, na shimo, yaani noti zinazopotea, linatokea karibu na hezi 110. Usiache umbali wa ukuta wa nyuma ulingane na wa pembeni, maana mashimo mawili yataangukia mahali pamoja.

Kabla hujalinganisha spika yoyote, sawazisha ukubwa wa sauti. Makaratasi yanasema kwa volti zilezile LS50 inatoa desibeli 85 na R3 inatoa 87. Kwa hiyo bila kugusa kitufe, R3 inasikika kubwa zaidi, na sikio la binadamu hutafsiri kubwa kuwa nzuri. Pima kwa maikrofoni na programu ya REW, ambayo ni ya bure, mpaka tofauti isizidi desibeli 0.2. Isitoshe hizo 87 zina maelezo yake: kipimo kinachukuliwa kwa volti 2.83, ambazo kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni wati 1, lakini kwenye ya omu 4 kama R3 ni wati 2. Kwa kila wati R3 haikuzidi. Inadai umeme mwingi zaidi kutoka kwenye amplifaya. LS50 nayo imeandikwa omu 8 ila inashuka mpaka 3.5. Amplifaya isiyoweza omu 4 usiifunge kwenye yoyote kati ya hizi.

Mwangwi niliutibu kwa pamba, na sisi tuko kwenye nchi ya pamba. Fremu ya mbao ya sentimita 120 kwa 60, kina 10, inameza kilo 3.5 hivi. Pungufu ya hapo inakuwa nyepesi mno. Pamba ina tabia ya kushuka chini baada ya miezi michache, sehemu ya juu ikabaki tupu, hivyo ishonwe kwa kuichoma nukta nukta kama wanavyofanya mafundi wa magodoro ya pamba. Kwanza inyunyiziwe maji yenye boraksi na ikaushwe kabisa, kwa ajili ya moto na wadudu. Kitambaa cha juu: weka mdomo kwenye kitenge upulize. Pumzi ikipita, kinafaa. Kile kigumu chenye nta kinarudisha sauti. Fremu 6 zinatosha: 2 pembeni mahali pa mrudisho wa kwanza, yaani pale sauti ya spika inapogonga ukuta kabla ya kukufikia, 2 nyuma ya kochi, 2 kati ya spika. Ziache sentimita 10 kutoka ukutani.

Usitegemee pamba iondoe mvumo wa hezi 43. Robo ya wimbi hilo ni mita 2, na hakuna atakayejenga fremu ya kina hicho. Huko chini kunatibiwa na mahali pa kuweka sabufa. Iweke sabufa juu ya kochi unapokaa, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha tembea kwa magoti kando ya kuta. Pale ambapo noti zote zinalingana ndipo pa kuiweka. Ikate kwenye hezi 80, yaani icheze vilivyo chini ya hapo tu, na hakikisha spika nazo zinazuiwa kupokea vilivyo chini ya 80. Wengi wanasahau hatua hiyo ya pili, koni ya LS50 inaendelea kuhangaika, na faida yote inapotea. Ikifanyika, zile soprano zinasafika karibu kama za R3. Mwisho piga mlio wa hezi 80 tupu, geuza swichi ya fezi ya sabufa kati ya 0 na 180, acha upande unaosikika mkubwa.

Mambo ya huku ziwani. Msimu wa wale wadudu wadogo wanaopanda kama moshi kutoka majini, taa ya sebuleni huwavuta kwa maelfu. LS50 Meta haiji na kava za mbele, zinanunuliwa kando. Zinunue, au funika spika kwa kitambaa kila usiku. Mdudu aliyekauka kwenye ukingo wa twita usimfute kwa kidole, tumia brashi laini. Ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi, kwa hiyo vichwa vya waya haviliwi kama vya pwani. Ukinunua spika za mtumba zilizokaa Dar es Salaam au Zanzibar, fungua vichwa uangalie kutu ya kijani, na ubonyeze ringi za koni kwa upole: za sponji hugeuka unga baada ya miaka 10 hadi 20, za mpira hudumu.

R3 ninazipendekeza kwa mwenye sebule kuanzia mita 6 kwa 5, anayekaa zaidi ya mita 3 kutoka kwenye spika, anayesikiliza kwa sauti kubwa na mwenye amplifaya imara kwa omu 4. Huyo LS50 zitamchosha hata zikiwa na sabufa. Marekani R3 zilianza kuuzwa kwa dola 2,200 jozi, LS50 Meta dola 1,500, bila usafiri na ushuru. Kila R3 moja ina kilo 12.4, hivyo stendi iwe ya chuma, ijazwe mchanga uliooshwa na kuanikwa juani siku mbili tatu. Mchanga mbichi wa ufukweni utaozesha bomba kutoka ndani.