Begi la mgongoni kwa safari ndefu ya miguu: lipi la kwanza, lipi la kuacha

Begi langu la kwanza nililinunua kwa kuangalia lita. Lilikuwa la lita 75, lina mifuko kila upande. Siku ya tatu njiani mkanda wa kiunoni ulikuwa umenikaa tumboni badala ya kwenye nyonga, mzigo wote ukaning'inia mabegani. Jioni nilipovua shati nikakuta alama mbili za zambarau, kila moja upana wa vidole vitatu. Begi halikuwa bovu. Lilikuwa fupi kuliko mgongo wangu, basi.

Kwa hiyo pima mgongo kabla ya yote. Inamisha kichwa, papasa nyuma ya shingo mpaka upate ule mfupa uliochomoza kuliko mingine. Kisha jishike kiuno, viganja vikae juu ya mifupa ya nyonga, madole gumba yaelekee nyuma. Mwenzio ashushe futikamba ya fundi cherehani kutoka kwenye ule mfupa hadi usawa wa madole gumba, akifuata mkunjo wa uti wa mgongo. Watu wazima wengi huwa kati ya sentimita 40 na 53. Kimo chako usikitegemee: mrefu wa miguu anaweza kuwa na mgongo mfupi kuliko rafiki yake anayemfika begani. Namba hiyo ndiyo inayokuambia uchukue S, M au L.

Sasa madaraja, kwa mtu anayetembea siku kadhaa mfululizo na hema lake.

1. Fremu nyepesi, begi la kilo 1.2 hadi 1.6. Hili ndilo ningemnunulia ndugu yangu bila kumuuliza maswali mengi. Lina fremu ya alumini inayopeleka uzito kwenye nyonga, na mengi yana wavu uliokazwa nyuma ili hewa ipite. Osprey Exos ya lita 58 ni mfano unaojulikana. Ukibeba kilo 10 hadi 14 utastarehe. Ukizidisha sana, mkanda wake mwembamba utaanza kukuuma. Wavu nao una kasoro yake: unausogeza mzigo mbali kidogo na mgongo, na kwenye mteremko mkali utahisi unavutwa nyuma.

2. Fremu nzito, kilo 2 na zaidi. Gregory Baltoro na Deuter Aircontact zimo humu. Sponji nene, mkanda mpana, na mengi hukuruhusu kupandisha au kushusha mikanda ya mabega ilingane na mgongo. Kama njia yako haina maji na lazima ubebe lita 5 au 6, au chakula cha siku nyingi, hili linapanda kuwa namba moja. Vinginevyo unabeba nusu kilo au hata kilo nzima ya ziada kwa sababu ya begi lenyewe.

3. Jepesi mno lenye fremu ya kaboni. Zpacks Arc Haul, kwa mfano, haifiki gramu 800. Ni raha tupu kwa aliyekwisha kupunguza vitu vyake vingine. Kwa anayeanza ni fedha nyingi kwa begi atakalolijaza kupita uwezo wake.

4. Lisilo na fremu. Mzigo ukiwa chini ya kilo 8 au 9 linafaa. Ujue kulipanga: mkeka wa kulalia ndio unaogeuka fremu, na chombo chenye ncha kikikaa vibaya kitakuchoma mgongo kutwa nzima.

5. Fremu ya nje. Mabomba ya alumini ya aina aliyoifanyia biashara Dick Kelty nchini Marekani tangu 1952. Kwa mizigo yenye maumbo ya ajabu bado halina mpinzani. Kwenye njia nyembamba linanasa matawi na kuyumba.

Begi la shule au la kompyuta silipangi hata nafasi ya sita. Bila mkanda wa nyonga, mabega ndiyo yatakayolipa.

Dukani omba uwekewe kilo 10 ndani. Begi tupu hata liwe baya vipi huonekana zuri. Legeza mikanda yote. Funga wa kiunoni kwanza, katikati yake ikae juu kabisa ya mfupa wa nyonga, kisha kaza ya mabega mpaka iguse bila kubana. Vile vijikanda vya juu ya bega vivute vielekee juu kwenye begi kwa mwinamo wa nyuzi 45 hivi. Wa kifuani mwisho. Tembea dakika 20, panda ngazi, inama kufunga kamba za viatu. Kama kuna nafasi kati ya mkanda na kilele cha bega lako, begi ni refu kwako, lirudishe. Wanawake wajaribu pia yale yaliyokatwa kwa ajili yao. Mikanda ya mabega imepinda kukwepa kifua na wa kiunoni umeinama kufuata nyonga.

La mtumba nalo si vibaya, ila ingiza mkono ndani. Utando wa kuzuia maji ukinata kama gundi na kunuka, umekwisha. Bonyeza sponji ya mkanda uone kama inarudi.

Mvua? Mfuko mkubwa wa plastiki ndani ya begi unalinda nguo kuliko kifuniko cha nje, kwa sababu maji hupenyea upande wa mgongoni.

Na begi linunue mwisho. Hema, mfuko wa kulalia na mkeka vikishapatikana, vibebe vyote uende navyo dukani, uvipakie humo humo mbele ya muuzaji.