Unarudi EVE Online kama mgeni: kipi ulipie kwanza, kipi ukiache dukani

Aliyeacha EVE Online, gemu ya mtandaoni ya meli za angani, kwa miaka kadhaa akirudi hupokelewa na duka kabla hajapokelewa na mtu. Omega (akaunti ya kulipia), PLEX (sarafu ya dukani), vifurushi vya kuanzia, injekta za ujuzi (zinazoongeza pointi za ujuzi papo hapo): vingi vinauzwa kwa dola na kila kimoja kimepambwa kana kwamba bila hicho hutoki bandarini. Kwa anayerudi huku amesahau karibu kila kitu, tunavipanga hivi: kwanza Alpha, ambayo ni bure, pili Omega ya siku 30, tatu kifurushi cha kuanzia, kikiwa na Omega ndani, nne PLEX, tano injekta.

Kabla ya kutoa hata shilingi

Ingia na akaunti yako ya zamani, fungua ukurasa wa mhusika, usome jumla ya pointi za ujuzi. Namba hiyo ndiyo inayoamua.

Ikiwa chini ya milioni 1, na huna mali ya maana, akaunti mpya inaweza kukufaa zaidi kuliko ya zamani. Anayejisajili kupitia kiungo cha mwaliko cha mchezaji mwingine hupewa pointi milioni 1 za kugawa apendavyo. Zawadi hiyo ni ya akaunti mpya tu, kwa hiyo pata kiungo kwanza ndipo ufungue akaunti. Wengi hujisajili, wakaingia kwenye gemu, wakaanza kuomba mwaliko kwenye gumzo, hapo wameshachelewa.

Ikiwa una milioni 5 au zaidi, baki na akaunti yako. Ujuzi wa Omega ulioufikia zamani haukufutwa, umefungwa tu, na siku utakapolipia unafunguka wote papo hapo.

Angalia pia orodha ya mali zako. Waliokuwa wakiishi kwenye vituo vilivyojengwa na wachezaji huko nje kusiko na ulinzi mara nyingi hukuta kituo kilishalipuliwa. Mara nyingi mali haikupotea: huwa iko kwenye hifadhi ya usalama, na kuikomboa baada ya kuhamishiwa mfumo mwingine wa nyota hugharimu asilimia 15 ya thamani yake, kwa ISK, pesa ya ndani ya gemu. Usikimbilie kulipa. Huenda zile meli kumi na moja za mwaka 2018 hazina kazi kwako sasa.

1. Alpha kwa wiki mbili, bila kulipa

Kama uliondoka kabla ya Novemba 2016, hili hukulikuta: siku hizi EVE inachezwa bure. Alpha anajifunza ujuzi kwa nusu ya kasi ya Omega, mafunzo yake ya kawaida yanasimama akifika pointi milioni 5, na foleni yake ya mafunzo haipiti saa 24. Hilo la mwisho ndilo linalowaponza watu. Usipoingia kila siku kuijaza, foleni inakauka na kasi yako ndogo inakuwa sifuri.

Hata hivyo Alpha si mnyonge. Anaweza kurusha meli kuanzia frigeti, meli ndogo za vita, hadi manowari, zile kubwa, na kwa anayejifunza upya hilo linatosha na kubaki. Kwa wiki mbili, fanya kazi za mawakala wa taaluma, wahusika wa gemu wanaotoa kazi za mafunzo, wote walio karibu na kituo chako. Wanalipa ISK, wanagawa meli ndogo, ikiwemo Venture ya uchimbaji yenye nafasi ya madini ya mita za ujazo 5,000. Kwenye foleni tanguliza ujuzi unaosaidia kila meli: CPU Management, Power Grid Management, Mechanics, Shield Management, Capacitor Management, Navigation. Anayerudi hupenda kukimbilia ujuzi wa meli kubwa, akaipata meli, kisha vifaa vikakataa kuwaka kwa sababu umeme na CPU havitoshi.

Intaneti ya Afrika Mashariki haikuzuii. Seva kuu, Tranquility, iko London, na inapiga hesabu za mapigano mara moja kwa sekunde. Kwa hiyo kuchelewa kidogo kwa mawasiliano, ambako kungekuua kwenye gemu za risasi, hapa karibu hukuhisi. Kinachokera ni kukatika kabisa. Seva huzimwa kila siku saa 11:00 UTC, yaani saa nane mchana Dar na Nairobi, kwa dakika chache. Usianze kazi ndefu saa saba na nusu.

2. Omega ya siku 30

Ukiona baada ya wiki mbili bado unaingia kwa hamu, hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi. Bei rasmi tangu Mei 2022 ni dola 19.99 kwa mwezi. Mhusika mwenye sifa za kawaida, bila vipandikizi (vifaa vya kichwani vinavyoongeza sifa hizo), anapata kama pointi 1,800 kwa saa akiwa Omega, na 900 akiwa Alpha. Kwa siku 30 ni takriban milioni 1.3 dhidi ya 650,000. Ukiweka vipandikizi vya +4 kwenye sifa zinazohusika, inapanda hadi kama milioni 1.55. Foleni nayo inakuwa ndefu: unaweza kuijaza ya wiki nzima ukasafiri.

Mipango ya miezi mingi inashusha bei ya kila mwezi, na duka litakuwekea hiyo mbele kabisa. Iache. Siku za Omega zinahesabiwa hata kama kompyuta imezimwa, na anayerudi hajui bado kama atabaki. Mwezi mmoja kwanza.

Siku chache kabla Omega haijaisha, rudisha meli bandarini na uwe na nyingine ya Alpha iliyo tayari na vifaa vyake. Ujuzi wa Omega ukishafungwa, meli inayouhitaji huipandi tena mpaka ulipe.

3. Kifurushi cha kuanzia

Hivi hubadilika mara kwa mara, na vingi vinanunuliwa mara moja tu kwa akaunti. Namna ya kukipima ni moja: futa kichwani rangi za meli, mavazi na vichocheo vya muda, kisha hesabu siku za Omega na PLEX zilizobaki. Zikizidi ambacho dola hizo hizo zingenunua peke yake, chukua. Zisipozidi, unalipia rangi. Usikinunue siku ya kwanza, kwa sababu vichocheo vingi vina muda wa kuisha na utavipoteza ukiwa bado unatafuta kitufe cha kutia nanga.

4. PLEX

PLEX 500 zinabadilishwa kuwa Omega ya siku 30, au unaziuza sokoni kwa ISK. Kununua PLEX kwa dola ili tu uzigeuze Omega kwa kawaida ni ghali kuliko kulipia Omega moja kwa moja, kwa hiyo njia hiyo inafaa pale tu kuna punguzo.

Kuziuza kwa ISK kunavutia zaidi na kunaumiza zaidi. Mgeni anapata ISK nyingi kwa mkupuo, ananunua manowari, anaitoa bandarini Jita, mfumo wenye soko kuu la gemu, na jioni hiyo hiyo imelipuliwa. Bima hulipa kwa kipimo cha thamani ya msingi ya meli; vifaa ulivyofunga havimo. Ukiuza PLEX, nunua frigeti kumi za aina moja, zikiwa na vifaa, ujifunze kuzipoteza.

PLEX zinakaa kwenye hifadhi yake maalumu, ambako haziwezi kuibwa. Usizihamishie kwenye shehena ya meli kwa sababu yoyote ile. Mwaka 2010 mchezaji mmoja alizipakia PLEX 74 za mfumo wa zamani, ambazo kila moja ililipia mwezi wa kucheza, kwenye Kestrel, frigeti dogo, na likalipuliwa Jita na mzigo wote. Na yeyote anayeandika kwenye gumzo la Jita kwamba atakurudishia ISK mara mbili ni tapeli, hata kama amemrudishia mtu mbele ya macho yako.

5. Injekta za ujuzi

Injekta kubwa inatoa pointi 500,000 kwa mhusika aliye chini ya milioni 5. Kati ya milioni 5 na 50 inatoa 400,000. Kwa hiyo ukishavuka milioni 5, kila injekta inakupotezea moja ya tano, na bei haishuki. Pointi 500,000 ni kama siku kumi na mbili za Omega ya kawaida. Injekta inakupa haki ya kukaa kwenye meli, haikufundishi kuiendesha, na hilo la pili ndilo analolikosa mgeni. Ukiwa lazima ununue, nunua moja, kabla ya milioni 5, kwa ajili ya ujuzi mmoja unaojua unakukwamisha leo.

ISK zinazouzwa kwenye tovuti za pembeni hatukuzipa nafasi kabisa. Ni kinyume cha masharti ya CCP, kampuni inayotengeneza EVE. Wakikugundua, ISK zinaondolewa na akaunti inaweza kufungiwa.

Kulipa

Kadi ya Visa au Mastercard inayokubali malipo ya mtandaoni inatosha. Kenya, kadi pepe ya M-PESA GlobalPay ni Visa. Weka salio lenye ziada kidogo, maana kiwango cha kubadilisha dola si kile unachokiona kwenye habari, na malipo yaliyopungukiwa hata kidogo hukataliwa yote. Ukipitia Steam, duka la gemu la mtandaoni, unganisha akaunti yako ya EVE na Steam kwanza, la sivyo Omega inaweza kuingia kwenye akaunti nyingine. Usajili wa kadi hujirudia wenyewe kila mwezi. Fungua ukurasa wa usimamizi wa akaunti siku hiyo hiyo uliyolipa, uzime malipo ya kujirudia. Siku 30 ulizolipia zinabaki zako.