NYC Mesh: intaneti niliyounganishiwa na majirani

Wabongo wenzangu wa New York mnaoniuliza natumia intaneti ya nani, jibu langu refu hili hapa. Natumia NYC Mesh, miezi minane sasa, niko Bushwick, Brooklyn. Kabla ya hapo nilikuwa na kampuni moja sitaitaja, bili ilianza vizuri, mwaka ulivyoisha ikapanda bila hata meseji, ukipiga simu unaongea na mashine mpaka unachoka, na kwenye jengo letu kampuni ni hiyo hiyo tu, huna pa kukimbilia.

NYC Mesh sio kampuni. Ni watu wanaojitolea, wapo miaka zaidi ya kumi sasa, wanapanda mapaa wanafunga antena, paa hili linarushia lile mpaka mtaa unashikana. Kwetu Upare tungesema msaragambo, ule wa kuchimba mfereji, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake na maji yanakuwa ya wote.

Kujiunga unajaza fomu, halafu unapanda paani unapiga picha pande zote ili waone kama kuna antena yao inayoonekana kutoka kwako, maana mawimbi haya jengo likikaa katikati ndo basi. Nisiwadanganye, wengi mtakwama hapo, au mtakwama kwa mwenye nyumba, bila ruhusa yake hakuna kinachofanyika. Wangu nilimfuata mara tatu, alilegea nilipomwambia wapangaji wengine nao wanaweza kuunganishwa kutoka paa hilo hilo.

Jumamosi wakaja watatu, dada mmoja na wazee wawili, na drili na boksi la kebo. Mi nikajua kazi yangu ni kuchemsha chai, kumbe wapi, yule dada kanipa spana. Antena yenyewe kama ungo mdogo hivi, tukaifunga kwenye nguzo, halafu ndo ikaja kazi ya kulenga, mimi nimeshika antena yeye macho kwenye simu, kushoto, kidogo, kidogo tena, rudi, hapo hapo usitikisike! Yaani ukisogeza upana wa kidole tu signo inaporomoka. Ilivyotulia nikakaza nati mwenyewe, vidole vimeganda kwa baridi. Akanifundisha na kubana kichwa cha kebo, nyaya 8, kila rangi na nafasi yake, cha kwanza nikakiharibu, cha pili kikakubali, na taa ya ruta ilivyowaka wale wazee wakapiga makofi.

Saa hizi data yangu inaruka paa kwa paa mpaka kwenye kituo chao kikuu, pale ndo wamejiunga na intaneti kubwa. Mama yuko Same, tunaongea kwa video kila Jumapili, namuona mpaka kuku wanavyopita nyuma yake. Mkataba hakuna, unachangia kila mwezi kadiri ya uwezo wako, mi natoa dola 20.

Ila hakuna ofisi ya kupigia simu usiku wa manane, unaandika shida yako anakujibu mtu ambaye naye ana kazi yake mchana, kwa hiyo kama kibarua chako hakiwezi kusimama hata saa moja weka bando la simu pembeni. Mi hilo halinisumbui, anayenijibu anakijua mpaka kile kinguzo changu cha paani. Na mitandao ya hivi ina kazi kubwa siku ya shida, kimbunga Sandy 2012 pale Red Hook, hapa hapa Brooklyn, ule mtandao mdogo wa wananchi ndo uliwasaidia watu kupata mawasiliano.

Nyota 5 kwa moyo mmoja. Mwezi uliopita nimepanda paa la mama mmoja mtaa wa pili, safari hii simu nimeshika mimi, yeye kashika antena. Aliyeko Bushwick au Bed-Stuy aniambie, Jumamosi nipo, spana ninayo, uje tu na glovu.