Uzoefu wangu: tiketi ya Jumatatu mchana, College World Series 2025

Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi ya usiku hapa Omaha, Nebraska. Kwa miaka mitano nimekuwa nikiipita kwa gari College World Series, mashindano ya mwisho ya besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, bila hata kushuka. Yamekuwa yakichezwa katika mji huu, mwezi wa Juni, tangu 1950. Mwaka 2025 niliamua kuufuata msimu mzima tangu wakati wa baridi, ili Juni ikifika niwe najua ninachokitazama. Nilikata tiketi tatu kwa pesa yangu. Iliyonilipa kuliko zote ni ile niliyoichagua kwa sababu ilikuwa rahisi kuipata.

Nilianza na Creighton, chuo cha hapahapa mjini. Wengi wanaoishi hapa hawajui kwamba Creighton hutumia kama uwanja wa nyumbani uleule wa fainali, Charles Schwab Field, wenye nafasi ya watu 24,000 hivi. Machi unaingia kwa bei ndogo, unakaa karibu kabisa na mrushaji, na unasikia wachezaji wanavyoitana. Baridi inauma kwelikweli, nenda na blanketi. Lakini pale ndipo nilipojifunza mchezo. Msimu huanza katikati ya Februari, na timu hucheza mechi zisizozidi 56 kabla ya michujo. Wikendi timu mbili zilezile hukutana Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mrushaji wao bora hurusha Ijumaa, kisha mkono wake unapumzishwa wiki nzima, ndiyo maana timu iliyotisha Ijumaa inaweza kuchapwa vibaya Jumapili. Nilipolielewa hilo, msimu mzima ulinifungukia. Kila kocha anahesabu mikono iliyobaki.

Mwishoni mwa Mei huchaguliwa timu 64, zinagawanywa katika vituo 16 vya timu nne nne. Washindi 16 wanakutana wawili wawili, na nane zinazobaki ndizo zinazokuja Omaha. Hakuna heshima ya jina katika michujo hiyo: mwaka huo Vanderbilt, iliyopangwa ya kwanza nchi nzima, ilitolewa kwenye uwanja wake yenyewe. Creighton yetu ilipelekwa Fayetteville, mji wa chuo cha Arkansas, na huko ikatolewa na Arkansas wenyewe. Ndio ulikuwa mwisho wa kocha Ed Servais, aliyekuwa anastaafu. Iliniuma. Kwa hiyo nilipoona Arkansas itacheza Jumatatu, tarehe 16 Juni, mchana, na Murray State, nilijua nitashangilia nani.

Murray State wanatoka Kentucky na hawakuwahi kufika Omaha. Kwenye kituo chao walipangwa wa nne kati ya wanne, na timu ya daraja hilo ilikuwa imefika hapa mara tatu tu kabla yao. Timu zote mbili zilikuwa zimeshapoteza mechi ya kwanza. Utaratibu wa Omaha ni huu: ukifungwa mara moja bado uko hai, mara ya pili unafungasha. Mechi ya namna hiyo, siku ya kazi, jua la utosi, ndiyo ambayo tiketi zake hazigombaniwi.

Nilichukua ile ya jukwaa la nyuma ya ukuta wa mbali, ambako hakuna namba za viti, anayewahi ndiye anayechagua. Nilikwenda na jirani yangu, mama mmoja wa Uvira, Kongo, ambaye hakuwa ameona besiboli maishani. Jukwaa ni la mabenchi ya chuma. Mechi ina awamu tisa, na katika kila awamu kila timu hupiga mpaka watu wake watatu watolewe; kufikia awamu ya pili unatamani ungekuja na kitu cha kukalia. Kivuli hakuna. Kofia, maji na mafuta ya kujikinga na jua si anasa hapa. Mkoba uwe wa plastiki inayoonyesha ndani, la sivyo utarudishwa garini.

Kutoka kule nyuma huwezi kujua kama mpira umepita katikati ya eneo la kupigwa au pembeni. Mwanzoni nililihesabu hilo kuwa kasoro. Unategemea masikio: gongo la vyuo ni la chuma, mpira ukigongwa sawasawa unasikia mlio mkali unaokufikia baada ya kuona mkono umezunguka. Siku ile mlio haukuja. Mrushaji wa Arkansas, kijana anaitwa Gage Wood, alikuwa anarusha na sisi tunasikia tu mpira unavyotua kwenye glavu ya mdakaji. Pu. Kisha mpigaji anarudi kukaa. Pu. Mwingine anarudi.

"Mwanangu," mama akaniuliza, "ule mwenye fimbo iko nafanya nini? Hata haigusi."

Nikamwambia, mama, hilo ndilo jambo lenyewe. Anakosa mara tatu, ametoka.

Mzee aliyekaa upande wangu wa kulia alikuwa na daftari la kuandikia mechi. Kila mpigaji aliyetolewa kwa kukosa aliandikiwa herufi K, na aliyesimama tu akaachia mpira upite aliandikiwa K iliyogeuzwa. Nilipochungulia katika awamu ya tano, ukurasa wa Murray State ulikuwa umejaa K kama ukuta uliochorwa na mtoto anayejifunza kuandika. Hakusema kitu. Alinionyesha kwa kidole tu, na nikaelewa kwamba kuna mambo wazee wa mchezo huu hawayatamki mpaka yatimie.

Hadi mwisho wa awamu ya saba, wapigaji 21 walikuwa wamekuja na 21 wamerudi. Hakuna aliyegusa hata besi ya kwanza, yaani alama ya kwanza kati ya nne ambazo mpigaji huzizunguka ili kupata pointi. Wa kwanza wa awamu ya nane akapigwa na mpira mwilini, akapewa besi. Mama akashangaa: utotoni kwenye rede ukipigwa unatoka, huku ukipigwa unapewa zawadi! Uwanja wote uliguna kwa pamoja. Nilijikuta nimeguna nao, mimi niliyekuja kuiombea Murray State. Sijui ni awamu gani nilibadilika. Nafikiri ni pale nilipowatazama wachezaji wa mbali wa Arkansas, waliokuwa mbele yetu kabisa, wamesimama mikono kiunoni bila kazi. Wapigaji 19 kati ya 27 waliotolewa walitolewa na mkono wa kijana mmoja. Walinzi wengine wote, uwanja mzima ule, walibakiwa na wanane wa kugawana.

Wa mwisho naye akakosa. Arkansas 3, Murray State 0, bila mpigaji hata mmoja wa Murray State kufika besi kwa mpira alioupiga. Wood alikuwa amerusha mara 119. Ndipo mzee akafungua kinywa na kuniambia kwamba hii ni mara ya tatu tu jambo hili kutokea katika historia ya mashindano haya, na mara ya mwisho kabla ya siku ile ilikuwa 1960. Watu walisimama muda mrefu, mashabiki wa Murray State nao wakisimama. Mama wa Uvira alikuwa anapiga makofi na machozi yanamtoka. Alisema tu, "Mutoto ya watu amechoka, wamupe maji."

Tiketi yangu ya tatu ilikuwa ya fainali ya kwanza (anayetangulia kushinda mbili ndiye bingwa), Jumamosi tarehe 21, LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, na Coastal Carolina. Hapo nina lawama. Niliinunua kwa tovuti moja ya wanaouza tiketi za mkono wa pili, na bei niliyoiona mwanzo haikuwa bei niliyolipa. Ada ziliongezwa kwenye ukurasa wa mwisho, wakati tayari umeshaingiza kadi.  Maegesho nayo yalinichelewesha. Nilipofika kitini awamu ya kwanza ilikuwa imekwisha, na ndani yake Steven Milam alikuwa amepiga mpira uliomrudisha Derek Curiel nyumbani. Hiyo ndiyo pointi pekee ya mechi nzima. LSU 1, Coastal 0. Sikuiona.

Nilichokiona ni Kade Anderson wa LSU akirusha awamu zote tisa mwenyewe, mara 130, mbele ya Coastal Carolina waliokuja na ushindi wa mechi 26 mfululizo. Ulikuwa mchezo mkubwa. Kesho yake LSU walimaliza kazi 5 kwa 3, wakachukua ubingwa wao wa nane, nami niliutazama nyumbani kwenye televisheni bila kuona nimepungukiwa. Usiku wa fainali uwanja umegeuka zambarau na dhahabu, kila mtu ana upande, na mgeni anabaki kuwa mgeni. Jumatatu mchana nusu ya jukwaa letu walikuwa watu wa Omaha wasio na timu, waliokuja na watoto na wazee wao. Mtu anakueleza sheria bila kumuuliza.

Kwa tiketi ya Jumatatu natoa tano kwa tano, mabenchi na jua nikiwa nimeyahesabu. Ya fainali natoa tatu, na hilo ni kwa sababu ya bei, si wachezaji. Creighton ya Machi natoa nne, kwa mtu anayetaka kujifunza.

Ukija, fika dakika tisini kabla ya mechi. Langoni pana sanamu ya John Lajba ya wachezaji wanne wakirukiana kwa furaha, na foleni ya kupiga picha huwa fupi asubuhi. Ukibaki na muda, nenda bustani ya wanyama ya Henry Doorly: uwanja wa zamani wa mashindano haya, Rosenblatt, ulitumika hapo hadi 2010, na wameacha kiwanja kidogo chenye besi ya nyumbani ambapo watoto wanaruhusiwa kukimbia. Mama wa Uvira ameshawapeleka wajukuu wake. Kwa 2026 ameniagiza nimkatie tiketi tatu za mchana, za kulekule nyuma, na safari hii anakuja na mto wa kukalia.